Mama Aingia Uwanjani

Ikonge, Jumapili usiku, 1975

Nina hasira, lakini kila nikimtazama Mama nacheka.

Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuja Kisii mjini kuniona nikicheza mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Nyakundi wa timu ya Kisumu akanigonga, nikaanguka na kiti changu. Refa hajapuliza filimbi, Mama ameshaingia na mwavuli.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akamuuliza Nyakundi.

Akataja baba yake. Kumbe anatoka kwao Mama, ukoo uleule. Mwavuli ukashuka.

"Baba, huyu ni mjomba wako," akaniambia. "Usimguse."

Mjomba mwenyewe ni mdogo kwangu, na tunagombea nafasi moja katika timu ya taifa. Lakini kwetu mjomba haguswi. Kipindi cha pili nikawa nampisha tu, naye anafunga. Naogopa wameshamchagua yeye.

Na Mama amemwalika chakula Sabato ijayo. Jioni hii yote anahangaika atamkalisha wapi, maana vigoda vyetu vimechakaa.

"Mama," nikamwambia, "huyo anakuja na kiti chake."