Bwana Afya Anatua Mkononi

Jumapili, tarehe 4 Februari

Haya, leo umejileta! Wewe bibi, ulikuwa wapi tangu mvua zile? Mende wamekula pembe za daftari, wewe wimbo wako ni sina nafasi. Nafasi ya kubishana na muuza mkaa unayo! Kaa chini uandike. Humu mwandishi ni wewe na msomaji ni wewe peke yako, na hata miwani yako ina mguu mmoja.

Habari ni nzi. Uani siku hizi kuna jua, nzi na mume wangu. Tangu apooze upande wa kulia, msichana wa hospitali anayemfanyisha mazoezi amesema apate jua kila asubuhi. Ulimi umerudi wote, na ukali wa nyongeza. Mguu unaburuta, lakini unakuja. Mkono ndio umelala pajani kama paka wa jirani, na nzi wameshajua. Wanaukalia kama wameupanga!

Mapera ndiyo yaliyowaita. Yanaanguka, yanaoza, nami sipati mkono wa kufagia—nampepea yeye.

Mzee anasema wamekuja kumwona mgonjwa. Nikamwambia wamekuja mikono mitupu kama ndugu zake.

Jumatatu, tarehe 5 Februari

Nimefagia mapera, nimeyafukia. Nimemwaga majivu. Nimening'iniza mifuko ya maji kwenye kamba ya nguo, ushauri wa muuza samaki. Na meza yake mwenyewe haionekani kwa nzi! Kipara anauza kitana.

Jioni Mzee kasema, sauti ndogo: cherehani yake, aliyoshonea nguo za watu miaka yote, iende, iuzwe. Binti yetu amempata fundi kijana, anakuja kuichukua Jumamosi.

"Kwa nini?"

"Kitambaa kinataka mikono miwili. Mmoja umestaafu."

Alidhani nitacheka. Nikaenda kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Mkono huo! Ndio ulioshika wangu juu ya meza ya kukatia, kwa chaki ya kitambaa, tukaandika A. Shule sikuiona hata dirisha. Kila herufi iliyomo humu ilitoka pale.

Jumanne, tarehe 6 Februari

Nzi wamekimbia. Kabaki mmoja—mnene, wa kijani, anatoka sufuria hii kwenda ile, anakagua usafi. Nimemwita Bwana Afya. Akatua kwenye kidole kidogo cha ule mkono. Nimeinua taulo nimlipue—kidole kikaruka! Kidogo tu, kama nguo uzi unapovutwa.

"Umekitikisa!"

"Upepo."

"Upepo gani unatikisa kidole unaacha nguo kwenye kamba?"

Halafu, kwa aibu kama bwana harusi: "Ananitekenya."

Ananitekenya! Mkono ambao juzi niliufinya usisikie, na mimi nikifinya nafinya kweli!

Jumatano, tarehe 7 Februari

Sasa nzi nawataka. Na sasa ndipo hawapo, wajinga hawa! Nimeshusha mifuko ya maji. Nimefukua mapera, yaliyooza vizuri. Nimempaka Mzee asali juu ya kiganja.

"Umenifanya mkate?"

"Nyamaza. Wageni wako njiani."

Bwana Afya hakukawia. Mwenye cheo hakosi karamu. Kumtazama nzi anatembea juu ya mume wako na taulo liko karibu—jamani, afadhali uchungu wa kuzaa! Mzee akapuliza, akatukana ukoo wote wa nzi. Alitaka kumfukuza kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Huo niliushika mimi, kama wachumba.

Vidole vikajikunja. Vikakunjuka. Akaviangalia kama watoto waliorudi nyumbani bila taarifa.

Alhamisi, tarehe 8 Februari

Msichana wa mazoezi alikuja. Toka mwanzo alikuwa akiniambia, bibi usimfanyie kila kitu, mwache ahangaike. Nikamwona hana huruma. Leo nimemwonyesha nzi wangu. Kacheka mpaka kakalia ndoo. Kasema nimwoshe kwa sabuni kila tukimaliza, na sasa mkono upande juu, ufike usoni.

Basi. Keshokutwa ni pua.

Ijumaa, tarehe 9 Februari

Binti kaleta makopo mawili ya dawa ya nzi. Mama, baba anapakwa asali, watu watasemaje? Wataomba mkate, nikamjibu. Makopo nimeyaficha kwenye pipa la unga.

Habari ya vidole hatukumpa. Mzee hataki. "Ikishindikana, tushindwe wawili."

Nikamuuliza, na cherehani?

"Mkono ukifika puani, haitoki."

Jumamosi, tarehe 10 Februari

Naandikia hapahapa uani. Mkono mmoja una kalamu, mwingine umeshika mkono wake wa kushoto. Asali tone moja, nchani mwa pua. Bwana Afya kaja! Kaanza kwenye paji la uso, anashuka bila haraka, kama mtu anayekagua barabara.

"Mke wangu, nakuomba."

Sijasikia.

Umeondoka pajani! Mkono umeondoka! Umefika kifungo cha tumbo. Unatetemeka kama sindano kwenye kitambaa kigumu. Jasho linamtoka. Kifungo kinachofuata—

Hodi! Mlangoni. Fundi kijana, na mkokoteni wake nausikia. Binti anaita kutoka barazani, mama, mfungulie!

Nikiinuka, nauachia wa kushoto. Utamaliza kazi kwa kofi moja, na cherehani imekwenda. Nimemwangalia Mzee. Naye kaniangalia, nzi puani.

"Nenda," kasema. Mkono wa kushoto kauchomoa kwangu—kaukalia mwenyewe!

Wewe bibi, ukirudi hapa usianze na nzi. Anza na kifungo alichofikia. Mimi naenda kufungua mlango. Polepole. Goti langu leo halina haraka.