Chetezo Kwenye Vumbi la Plastiki

Hamdiya, shoga yangu, nimechoka na hii kazi ya ukaguzi.

Leo nimeenda kwa mzee Nasor, pale Kariakoo wanaposaga ndoo mbovu za plastiki. Vumbi limejaa mpaka juu ya dari.

Nikamwambia, "Mzee, vumbi hili likitimka likakutana na moto, linalipuka."

Akanijibu, "Usinitabirie mabaya kwangu!"

Akaagiza chetezo. CHETEZO, Hamdiya! Makaa mekundu kabisa, udi unafuka, anazunguka nacho humo humo kwenye vumbi, eti anaondoa mkosi niliouleta mimi.

Nimetoka mbio, viatu mkononi. Wafanyakazi wote nyuma yangu.

Sasa hivi kanipigia. Nikajua anaomba radhi.

Anauliza aje lini kuchukua cheti cha usalama.