Kondoo Afungwe Kwenye Pete

Mama, nimeenda kazini. Uji wa mtama uko kwenye sufuria. Kondoo nimeshampa majani ya karanga. Akikulilia usimwongeze, anakudanganya.

Sasa ya asubuhi. Ule mshindo haukuwa paa kuanguka, na sikutaka kumuua kondoo wa Tabaski, sikukuu yetu ya kuchinja. Wewe ndiye uliyemfunga kule paani kwenye chuma changu cha mazoezi, kile chenye makopo ya saruji huku na huku. Kulikuwa na giza, kamba sikuiona. Nimeinua tu, kondoo huyo, kakimbilia ngazi akiburuta chuma, na mimi nikabingirika nyuma yake. Sokhna badala ya kuniinua anacheka: "Kaka, leo umepata mwenzio!" Dada gani huyo?

Kilichoniuma ni ulivyopiga kelele majirani wakisikia: "Shule umeacha, useremala umeacha, sasa unataka tuache na Tabaski!" Eti leo nitoe vyuma vyangu vyote, paani pawe peupe.

Haya, jioni nitaondoa kila kitu. Hapana, huo mstari nimeukata, usiusome. Siondoi.

Nimepigilia pete ya chuma ukutani, karibu na tangi la maji. Mfunge hapo. Baba kaivuta, kondoo kaivuta, haijang'oka. Panda uivute na wewe. Iking'oka, vyuma vyangu mpe muuza chuma chakavu. Isipong'oka, kona ile ni yangu, na uwaambie majirani walewale nani kaipigilia.

Nguo zako endelea kuanika kwenye bomba langu la kuning'inia. Zenyewe angalau hazikimbii.

Mwanao wa kwanza,
Malik