Mfano Niliouiba Jikoni kwa Bibi

Mpendwa Bi Fidelina,

Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana nimejitia matatani kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa falsafa hapa Popayán, na Profesa Arboleda alitupa insha: je, macho hutuonyesha vitu jinsi vilivyo? Akatuonya, "Atakayeniletea kijiti kinachoonekana kimepinda ndani ya maji nampa sifuri. Nimechoka nacho. Tafuteni mfano wenu." Nikahangaika wiki nzima, nikakaa uwanjani kutazama kuta nyeupe zikibadilika rangi jua likizama, kumbe wenzangu wanne nao wamekaa hapo hapo wakitazama kuta hizo hizo, mpaka asubuhi moja nikamwona bibi yangu Leocadia, ninayeishi naye mwaka wa nne sasa, akimimina kahawa huku uso ameelekeza dirishani, na kikombe kilipojaa akaacha pale pale, ndipo nikagundua alikuwa anaisikiliza kahawa ikipanda. Bibi haoni! Anauza empanada, zile sambusa za nyama anazokaanga mwenyewe, mlangoni kwetu, anawasalimu wateja kwa majina, kumbe anawajua kwa nyayo na vikohozi vyao.

Badala ya kulia, Bi Fidelina, nilifurahi. Nikaanza kumjaribu, leo nasogeza kiti, kesho nabadilisha mikebe ya chumvi na sukari, naandika kila anachofanya. Siku ya tatu akajigonga goti kwenye kiti, akasema, "Nayibe, ukimaliza masomo yako, rudisha kiti."

Nikajifanya sielewi. "Masomo gani, bibi?"

"Usinifanye mjinga. Shangazi yako Amparo akijua, atanihamishia ghorofani kwake nikakae kama chungu cha maua. Nimeficha miaka miwili. Usije ukanifichua wewe."

Nikamwapia. Lakini kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, sikuwa na mfano mwingine, nikaikabidhi insha na jina lake limo. Nimepata alama za juu kuliko wote! Profesa anataka niisome Ijumaa mbele ya kitivo kizima, na shangazi Amparo ndiye karani wa kitivo. Wenzangu sasa wananisifu kwamba nina jicho kali. Je, nikibadilisha jina la bibi itatosha?

Nayibe

*

Nayibe mwanangu,

Hongera kwa alama. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza kama goti la bibi limepona, sijapaona.

Miaka minne unakula chakula cha mwanamke huyo, miwili kati yake haoni, na hukujua. Ulipohitaji mfano ndipo ukamwona, na hata hapo uliuona mfano tu. Najua, kijana ukisifiwa kichwa kinavimba, nami nilikuwa hivyo hivyo. Lakini uliapa, ukavunja kiapo siku ya pili yake, na sasa unaniuliza habari ya kubadilisha jina! Popayán hii? Muuza empanada anayewajua watu kwa vikohozi? Shangazi yako atamtambua kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza.

Nenda kwa profesa leo, si Alhamisi. Mwambie mfano ule haukuwa wako kuutoa, na insha hutaisoma. Akikupa sifuri, ipokee. Kisha rudi nyumbani umsomee bibi kurasa zote, pamoja na mambo ya chumvi. Akikutukana, kaa usikilize mpaka amalize.

Halafu kuna jambo linaloniudhi kuliko yote. Umeandika insha nzima juu ya macho ya bibi yako, na hujamuuliza kama amewahi kumwona daktari. Pengine ni ugonjwa wa mtoto wa jicho tu, ambao hutibika. Pengine sivyo. Lakini anakaanga kwenye mafuta ya moto, na woga wake ni wa kuhamishwa, si wa kutibiwa. Mwombe umpeleke. Atakachosema daktari ni siri ya bibi, na Amparo ataambiwa bibi akitaka.

Foleni ya kliniki ya macho huanza saa kumi na moja alfajiri. Nenda wewe ukashike nafasi. Yeye mwache alale mpaka saa moja.

Bi Fidelina