Kikao cha Kupokea Kichwa Kipya cha Sindano, Kikundi cha Santuri Shirimatunda

TAREHE: Jumapili, 28 Desemba 2025
MAHALI: Sebuleni kwa Mwenyekiti, Shirimatunda, Moshi

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Eliakim – Mwenyekiti
2. Mzee Wenseslaus – Mtunza gramafoni
3. Bibi Aikaeli – Mjumbe, na mwimbaji wa sauti ya kwanza katika santuri yetu
4. Mama Salvina – Mjumbe
5. Ndugu Godlove – Mlezi wa kikundi, anaishi Dar es Salaam
6. Brenda – Katibu (na mtoto, aliyepakatwa na Bibi Aikaeli ili Katibu apate kuandika)

ASIYEHUDHURIA
Anaeli. Alituma ujumbe kwamba ng'ombe wake anazaa. Udhuru ulikubaliwa. Baada ya kikao Katibu aliona ulikuwa udhuru wenye akili.

KUMB. NA. 1/12/2025: KUFUNGUA
Kikao kilipangwa kuanza saa nane. Kilianza supu ya mtori ilipoisha. Mwenyekiti aliomba, kwa urefu.

KUMB. NA. 2/12/2025: SABABU YA KUKUTANA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba santuri ya kwaya ya zamani iliyobaki nzima ni moja tu, na kwamba Jumapili ijayo vijana wa kwaya watakuja Bibi Aikaeli awafundishe wimbo wa upande wa pili. Wimbo huo ni wa Kichagga, haukuandikwa popote, na waliokuwa wanaujua, wengine tumeshawazika na waliobaki wamesahau maneno. Bibi akisikia mstari mmoja kwenye santuri huushika na kuuimba wote na maana yake. Bila santuri humpotea. Bila Bibi, vijana watabaki na kelele wasizozielewa.

KUMB. NA. 3/12/2025: KUPOKEA ZAWADI
Ndugu Godlove alikuja nyumbani Krismasi kama kila mwaka, na kama kila mwaka aligundua kwamba tumekuwa tukiishi vibaya. Mwaka jana ilikuwa geti la Mwenyekiti. Mwaka huu ni kichwa cha sindano, yaani kile kidude kinachokaa mwisho wa mkono wa gramafoni na kushika sindano. Yeye anakiita katriji. Alieleza kwamba chetu cha zamani ni cha sumaku, cha watu wa kawaida, na hiki alicholeta ni cha koili, cha watu wanaojua kusikiliza.

Mzee Wenseslaus aliuliza kama kichwa cha koili kitaelewana na mkono wetu, ambao ni mwepesi, na kile kiboksi cha kukuzia sauti, kwa sababu vyote vilinunuliwa pamoja na kichwa cha zamani na vimezoeana. Ndugu Godlove alijibu kwamba kichwa hiki kina bei kubwa kuliko gramafoni, mkono na kiboksi kwa pamoja. Mzee Wenseslaus alisema hakuuliza bei.

Hapo ilijulikana kwamba kichwa cha zamani kilikuwa kimeshafunguliwa asubuhi, Mzee Wenseslaus akiwa kanisani. Mzee Wenseslaus alisema, na Katibu ananukuu: "Godlove mwanangu, ungesubiri nilale uyafungue na meno yangu ya bandia." Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe kwamba hii ni sikukuu, na alimwomba Mzee Wenseslaus asizungumze tena mpaka ajenda ya mengineyo. Mzee Wenseslaus alikubali kwa furaha ambayo ilipaswa kututia shaka.

KUMB. NA. 4/12/2025: KUSIKILIZA KICHWA KIPYA
Santuri iliwekwa. Ndugu Godlove alishusha mkono mwenyewe. Mkono ulitikisika kidogo, kisha ukatulia. Wajumbe waliinamisha vichwa kwa heshima.

Kilichosikika: jokofu la Mwenyekiti. Kuku wa jirani.

Maoni ya wajumbe yalikuwa haya. Mwenyekiti alisema sauti imetulia sana. Mama Salvina alisema imekuwa laini, haigombani na mtu. Ndugu Godlove alisema hiyo ndiyo tofauti, kwamba miaka yote kelele za kichwa cha sumaku zilitufanya tusiusikie muziki wenyewe. Mzee Wenseslaus alionyesha kwa kidole kwamba amekatazwa kuzungumza.

Bibi Aikaeli aliuliza kama wameshaanza kuimba. Mama Salvina alimjibu, "Wako ubeti wa pili, Bibi."

KUMB. NA. 5/12/2025: OMBI LA KUJIUZULU (HALIKUWA KWENYE AJENDA)
Bibi Aikaeli alimrudisha mtoto kwa Katibu na kuomba nafasi. Alisema: "Wanangu, mimi nimefika mwisho. Nyote mnasikia, mimi humo kwenye santuri sisikii hata mtu akikohoa. Nilijua siku hii itakuja, ila nilidhani itakuja polepole. Watafutieni wale vijana mtu mwingine."

Mwenyekiti alimshukuru kwa utumishi wake. Alimshukuru haraka kidogo. Ndugu Godlove alijitolea kumpeleka hospitali ya Mawenzi kesho yake akapimwe masikio, na atalipia teksi. Mama Salvina alitazama zulia. Zulia ni lile lile la miaka yote.

Katibu aliomba nafasi. Mwenyekiti alisema kazi ya Katibu ni kuandika. Katibu alijibu kwamba ndiyo, na hana cha kuandika. Aliomba kila mjumbe ataje neno moja tu la wimbo alilolisikia, lolote, liingie kwenye kumbukumbu.

Mwenyekiti alisema yeye alisikia kwa moyo. Alipoulizwa kuhusu masikio, alisema kwa masikio alisikia jokofu.

Mama Salvina alisema alidhani ni yeye peke yake asiyesikia, akaona aibu mbele ya mgeni kutoka Dar.

Ndugu Godlove alianza kusema kwamba wimbo amekuwa akiusikia tangu utotoni, kwa hiyo alikuwa anausikia. Hakumaliza. Alikiri kwamba koili hutoa sauti ndogo mno, na kwamba kiboksi chetu ni cha kukuza sauti ya vichwa vya sumaku, hakiifikii. Dukani aliambiwa anunue kiboksi kingine cha kwenda nacho, na mkono mzito zaidi, kwa kuwa sindano ya kichwa hiki ni ngumu, mkono mwepesi hauimudu. Alidhani ni ujanja wa muuzaji.

Mzee Wenseslaus aliulizwa na Katibu kama alilijua hilo. Alisema alilihisi toka mwanzo, lakini alikuwa amekatazwa kuzungumza. Katibu alimwambia, kwa heshima zote na shikamoo juu yake, kwamba alinyamaza ili Godlove aumbuke, na aliyeumia ni Bibi. Mzee Wenseslaus alivua kofia.

Katibu alimgeukia Bibi Aikaeli na kumwambia: "Bibi, hata mimi sijasikia kitu. Masikio yako mazima. Tulikuwa tunaogopa kumuudhi Godlove."

Bibi Aikaeli aliuliza: "Mkaona bora mimi niwe kiziwi?"

Katibu aliona swali hilo liandikwe kama lilivyoulizwa, na kwamba liliulizwa kwa wote, Katibu mwenyewe akiwemo.

KUMB. NA. 6/12/2025: MAAMUZI
(a) Kichwa cha zamani kirudishwe mara moja. Mzee Wenseslaus alikifunga, waya mmoja baada ya mwingine, na kuzungusha ule uzito wa nyuma ya mkono mpaka mkono ukaelea sawa. Ndugu Godlove alimshikia tochi ya simu bila kuombwa na bila kutoa ushauri. Katibu anaona hilo la pili lilimgharimu zaidi.

(b) Kichwa kipya kihifadhiwe kwenye boksi lake mpaka kipatiwe mkono na kiboksi vya hadhi yake. Ndugu Godlove alishukuriwa. Nia ilikuwa njema, na kikundi kilimwomba siku nyingine aulize kwanza.

(c) Wajumbe wote wamwombe Bibi Aikaeli radhi. Waliomba, mmoja mmoja, kwa sauti ya kusikika.

KUMB. NA. 7/12/2025: KUSIKILIZA TENA
Upande wa pili uliwekwa. Ulikwaruza kama kawaida yake, kisha kwaya ikaingia, na juu yao wote msichana mmoja. Mtoto wa Katibu aliamka na kulia. Hakuna aliyemlaumu. Bibi Aikaeli alifumba macho, midomo ikienda pamoja na maneno. Mama Salvina alilia na kusema ni moshi wa jikoni.

Katika ubeti wa tatu Bibi Aikaeli aliinua mkono, sindano ikanyanyuliwa. Wajumbe walidhani amezidiwa. Bibi alisema: "Eliakim, umesikia hapo? Umeingia kabla ya wenzako. Siku ile nilikwambia ukabisha. Jumapili ijayo nitawaonyesha vijana, wajue wapi pasiigwe."

Mwenyekiti, ambaye ni mmoja wa sauti nzito zilizomo katika santuri hiyo, aliomba jambo hilo lisiingie kwenye kumbukumbu. Ombi lake halikuungwa mkono.

Kuhusu kujiuzulu: Bibi Aikaeli hakuondoa ombi lake. Alisahau kwamba alilitoa. Alikuwa anauliza vijana watafika saa ngapi, na kama wamezoea kuchelewa.

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Bibi alikuwa ameagiza upande wa pili urudiwe, na hakuna aliyethubutu kutaja muda.

Imesainiwa:

Brenda
KATIBU

Eliakim
MWENYEKITI
(Alitaka kwanza KUMB. NA. 7 ifutwe. Katibu alimpa kalamu na kumwonyesha mahali pa kusaini.)