Mkanda wa Kondoo wa Mayo

Galway, 13 Januari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini nyonga imetulia na jirani Nuala bado anakuletea supu. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho imechafuka.

Fintan, mshirika wangu wa zamani, anapanda jukwaani. Alhamisi, tarehe sita Februari, kwenye ule mkutano wa asubuhi ambapo biashara changa za hapa mjini hujinadi mbele ya wajasiriamali wenzao. Ataunadi mkanda wetu wa shingoni, ule unaomtumia mfugaji ujumbe kondoo akikaribia kuzaa. Niliuhangaikia miaka mitatu. Nilipomwambia usiuzwe kabla haujarekebishwa, alisubiri nije kukuuguza, akanifuta kwenye kampuni. Niliporudi, kitasa cha ofisi kilikuwa kimebadilishwa.

Kwenye tangazo ameandika kwamba mkanda ulijaribiwa kwenye shamba moja la Mayo na hakuna mwanakondoo aliyekufa. Shamba hilo ni lako, Baba. Msemaji akimaliza, watu huuliza maswali. Nitauliza. Nataka aaibike mbele ya watu walewale anaotaka wamheshimu.

Mwanao,
Dervla

Mayo, 20 Januari

Mwanangu Dervla,

Marahaba. Nyonga inalalamika mvua ikinyesha, na mvua ya huku unaijua. Supu ya Nuala inazidi kuwa na chumvi, sithubutu kumwambia.

Usiende. Ukisimama pale watasema huyu ametemwa, ana wivu. Fintan atatabasamu, atakuita kwa jina lako taratibu, na ukumbi mzima utamhurumia yeye. Namjua, amekula mezani kwangu misimu miwili. Kaa kimya, mwanangu. Tafuta kazi nyingine.

Baba yako

Galway, 7 Februari

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari za nyonga, maana nyonga iliyoweza kupanda basi kutoka Mayo hadi Galway ni nzima kuliko yangu.

Nilikwenda kusikiliza tu, nikajibanza nyuma ya nguzo. Fintan alinadi vizuri, lazima nikiri. Watu walikuwa wanaitikia kwa vichwa, kahawa mkononi. Akasema, "Kwa mzee mmoja kule Mayo hatukupoteza hata mwanakondoo mmoja." Ndipo nikasikia sauti yako kutoka safu ya mwisho.

"Mzee huyo ni mimi."

Fintan akacheka kidogo. "Karibu, mzee Colman. Hatukukutarajia."

"Najua. Walikufa kumi na moja. Niliwazika mwenyewe, na wewe ulikuwa umesimama pale na viatu vyako safi. Binti yangu ndiye aliyeubuni mkanda huo. Alikwambia usiuzwe bado. Ukamfukuza yeye, ukauza mkanda."

Mama mmoja mjasiriamali, mtengeneza jibini, akamgeukia. "Fintan, ni kweli?"

Akanywa maji. Akanywa tena. Mama akarudia swali, naye akaanza kukunja nyaya za kompyuta yake. Hakuna aliyepiga makofi. Baba, nilicheka barabarani peke yangu mpaka watu wakanipisha njia.

Lakini kwa nini uliondoka kwa mlango wa pembeni bila hata kunisalimia?

Mwanao,
Dervla

Mayo, 23 Machi

Mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa, kondoo wanazaa na mikono hainitoshi. Afya ipo.

Sikukusalimia kwa sababu niliona aibu. Nilikukataza kwenda si kwa hekima yoyote. Nilitaka nimwaibishe mimi mwenyewe.

Jumamosi Fintan alikuja. Wateja wamemrudishia mikanda, na wenzake wa mjini hawapokei simu zake. Alisimama getini kwenye mvua, nikamwacha asimame. Nilipofungua, kondoo mmoja alikuwa amekwama katika kuzaa, nikamwambia apige magoti amshike. Alimvuta mwanakondoo kwa mikono yake, mara ya kwanza maishani mwake. Akatoka mfu. Fintan akalia, Dervla, akaniomba msamaha huku damu imemfika viwikoni.

Nikamwonyesha koleo na mahali pa kuchimba. Alipomaliza nikamwambia aende zake. Chai sikumpa. Katika nyumba hii hata mtoza kodi hupewa chai.

Anasema atakuja kwako wiki hii, anataka urudi muurekebishe mkanda pamoja. Hilo ni lako, sitakuingilia tena. Ila akikwambia kwamba baba yako amemsamehe, anadanganya kama kawaida yake.

Baba yako