Ubeti wa Pili

Jumapili, 7 Aprili 2024

Leo nimerudi kwaya. Mara ya kwanza tangu tumzike Judith kule Kiabakari, nyumbani kwao na mume wangu, Wanzagi. Sikutaka. Yeye ndiye aliyesema niende, kukaa ndani kutanimaliza.

Nimevaa sare, nimesimama palepale pangu, sauti ya kwanza, karibu na kinanda. Mwalimu Makoye akanipa ubeti wa pili peke yangu. Ubeti uleule niliouimba kaburini kwa mwanangu. Nilipofika kwenye neno "nyumbani" sauti ikapasuka. Haikuzima — ilipasuka ikaendelea hivyohivyo. Mama mmoja wa mbele alikuwa anajisugua mikono kama anasikia baridi, na jua lilikuwa linawaka.

Baada ya ibada Mwalimu alikunja shati akanionyesha mkono. Vinyweleo vimesimama mpaka kwenye kiwiko. Eti tangu aanze kufundisha kwaya hajawahi kupata kitu kama hicho. Alikuwa na furaha. Mimi nikatafuta mlango.

Jumamosi, 20 Aprili

Kibara, msibani. Kijana wa watu kazama ziwani. Kwaya yetu imeitwa kwa ajili ya ule ubeti, walisema hivyo wazi.

Kabla sijaanza, Mwalimu aliniinamia sikioni. "Mama Judith, mwakani angekuwa darasa la kwanza."

Nikaimba nilivyoimba. Mama wa marehemu alianguka, wakambeba. Baadaye baba mtu alikuja kutushukuru, akasema mwili wote ulimsisimka, amejua mwanae kapokelewa.

Njiani nilifikiri labda Mwalimu alitaka kunipa pole tu. Watu wengine hawajui kutoa pole.

Jumanne, 14 Mei

Nimecheka dukani kwangu, kwenye vitenge. Mteja hajui urefu wa mke wake, akajifunga kitenge mwenyewe mbele ya soko zima, akatembea kwa madaha. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikaenda kula sato mzima na ugali. Nimemaliza.

Jumapili, 2 Juni

Tamasha la kwaya, Butiama. Kabla ya ubeti wangu Mwalimu kanong'ona tena, safari hii habari ya viatu vya Judith. Nikayaacha maneno yake yapite. Niliimba vizuri, naapa. Kila noti mahali pake. Sauti haikupasuka. Watu wakapiga makofi, wakakaa.

Kwenye gari Mwalimu alingoja mpaka wote wanyamaze. Akasema, "Mama Judith, umeimba vizuri sana. Hakuna aliyesisimka."

Kuna mtu nyuma akasema taratibu kwamba labda ameshamsahau mtoto wake. Sauti ya mwanamke. Sikugeuka. Kwaya nzima tulikaa wote matanga ya Judith, na hakuna aliyemkemea.

Jumatano, 19 Juni

Bunda, studio. Tumekwenda kurekodi wimbo wetu.

Walinivalisha hedifoni. Wenzangu walikuwa upande wa pili wa kioo. Ubeti wa kwanza ukapita, kiitikio kikapita, kinanda kikashuka. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Na hapo nikamsikia Judith.

"Mama, njoo uone. Mama, kuku kaingia kwenye beseni."

Mwanangu. Masikioni kwangu, karibu kabisa, na pumzi yake.

Naijua ile sauti. Wanzagi alimrekodi uani kwa simu yake, wiki mbili kabla homa haijamshika. Wanzagi aliniambia ile simu ilidondoka ziwani, kila kitu kimepotea.

Sijui kwa nini niliimba. Mdomo ulifunguka wenyewe. Sauti ilipasuka kwenye neno la kwanza na haikurudi. Nilipofumbua macho fundi mitambo alikuwa ametoka nje. Nyuma ya kioo wenzangu walikuwa wanalia na kukumbatiana kama watu waliofaulu mtihani. Mwalimu alisema kwenye maiki, "Tumeipata."

Halafu akasema turudie, kwa usalama.

Akaniwekea tena ile sauti. "Mama, njoo uone." Nikaimba. Akasema mara moja ya mwisho. Nikaimba.

Hakuna aliyeniuliza nasikia nini humo.

Alhamisi, 20 Juni

Wanzagi hakukana. Alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Mwalimu aliiomba. Nikaona ni kazi ya Mungu. Watu wanabarikiwa kupitia wewe."

"Uliniambia simu ilidondoka ziwani."

"Ulikuwa unaisikilizaga kutwa nzima, huli, huogi. Ningefanyaje?"

Nikamwambia basi nipe sasa. Akasema alishaifuta baada ya kumtumia Mwalimu, ili mimi nisiione. Hakunitazama usoni.

Nikapanda boda mpaka kwa Mwalimu. Alinikaribisha vizuri, mke wake akaniletea soda. Nikaomba sauti ya mwanangu. Akanimiminia soda kwenye glasi.

"Utaisikia, Mama Judith. Tukiwa kazini."

Jumapili, 14 Julai

Wimbo uko kila mahali. Stendi, saluni, kwa wauza dagaa wa Mwigobero. Watu wananitumia picha za mikono yao, vinyweleo vimesimama. Dada mmoja aliingia dukani, hakununua kitu, akanigusa bega akaondoka.

Naogopa kupita barabarani. Wengine wanaufungulia makusudi wakiniona, wakae waniangalie uso.

Kuna mwimbaji mpya, Esther, anasuka nywele pale Nyasho. Kwao ni Guta. Mama yake anaumwa kansa, kila akipata nafasi anapanda gari kwenda kumwogesha. Ana sauti, huyu binti! Juu kabisa na haikwaruzi. Na ana utani. Kwenye mazoezi alinisuka mistari miwili kabla Mwalimu hajafika, nikaimba kichwa kimesukwa nusu.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema sauti ni safi, ila haijapigwa na kitu.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimemwambia Mwalimu naacha. Tulikuwa wawili tu kanisani, anafuta kinanda vumbi. Hakukasirika. Akasema mialiko ni mingi, hawezi kuwaambia watu ubeti wa pili umekufa.

"Tupate wa kuushika. Akishaweza yeye, nakupumzisha. Na ile ya mtoto nakupa, uende nayo."

Esther alipofika akamwimbisha. Mimi nikasimama kando, nikatazama mikono yangu. Haikufanya kitu. Niwe mkweli humu ndani — nilifurahi haikufanya kitu. Baadaye tu ndipo nilipokumbuka kwamba maana yake siachiwi.

Mwalimu akamuuliza mama anaendeleaje. Esther akajibu amedhoofika sana lakini jana kanywa uji. Akaimba tena, vilevile, vizuri, mikono yangu iko laini.

Binti alipotoka Mwalimu alifunga kinanda. "Huyu tutamsubiri."

Nilielewa tunasubiri nini. Nilienda nyumbani nikapika.

Jumapili, 18 Agosti

Bunda, uwanjani. Mkutano mkubwa, watu wamekaa mpaka kwenye ukuta. Niko nyuma ya jukwaa kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani. Kwaya moja iko juu, halafu sisi. Ubeti wa pili leo ni wa Esther.

Mwalimu ameniita pembeni sasa hivi. Kaka yake Esther kapiga simu kutoka Guta. Mama yao amefariki asubuhi hii. Hakutaka dada yake asikie kwenye simu, kamwomba Mwalimu amwambie taratibu, amlete nyumbani.

Nikasema basi twende, Guta ni hapo tu.

"Akijua sasa hatapanda," Mwalimu akasema. "Mwambie sikioni, kiitikio cha kwanza kikiisha. Wewe umesimama nyuma yake, na wewe anakuamini. Mimi hataniamini."

Nikasema Mwalimu, huyu ni mtoto wa mtu.

Akatoa simu mfukoni. Akaisogeza sikioni kwangu, akabonyeza, akaiondoa haraka. Nilipata neno moja. "Mama —"

"Mkishuka tu jukwaani nakutumia yote. Halafu unapumzika."

Amekwenda kupanga watu mstari. Wanaume nyuma, sauti ya kwanza mbele.

Esther amekuja kukaa karibu nami. Amejipaka mafuta, ananukia nazi. Anasema anaogopa, watu ni wengi, ameota vibaya. Ananirekebishia kola ya sare, anasema dada, ukae nyuma yangu karibu, nikisahau maneno uninong'oneze.

Kisha akatoa simu yake. "Nimempigia mama tangu asubuhi, hapokei. Na kaka hapokei."

Nimemwambia mtandao wa Guta unasumbuaga.

Akasema kweli, unasumbuaga. Amenipa simu yake nimshikie, maana sare haina mfuko. Inatetemeka hapa mkononi, jina la kaka yake limetokea, bila shaka anauliza kama tuko njiani. Mwalimu anatuita.